Ukungu Ulioomba Usajili

Nchi yetu ina amani. Naanza na hilo kwa sababu kila andiko la serikali huanza hivyo, na mimi ni mtumishi wa serikali. Jina la nchi yenyewe silitaji. Niliomba kibali cha kulitaja mwaka juzi, na ombi langu bado liko kwa wakubwa, linashughulikiwa kwa uzito unaostahili.

Naitwa Sanyiwa. Ni karani wa mapokezi katika Wizara ya Mboga, Utulivu na Ustawi wa Bustani. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri na kuzipandisha ghorofa ya pili. Zikishafika huko mimi sina habari nazo tena. Ukiwauliza wa ghorofa ya pili, nao watakwambia hawana habari nazo. Ndivyo tunavyotunza siri za serikali.

Leo nataka kueleza, bila kumlaumu mtu yeyote, jinsi wizara yetu ilivyomsaidia Bi. Zamaradi wa Bonde la Mzinga.

Alikuja Jumatatu asubuhi, mama wa miaka sitini hivi, mrefu, kitenge kimefungwa imara kiunoni, mkono mmoja una faili na mwingine kikapu kilichofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta ombi la kusajili dawa ya mboga."

"Ya wadudu au ya magonjwa?"

"Ziko mbili. Moja ya wadudu wa nyanya, nyingine ya kinyausi, ule ugonjwa unaolaza miche kitaluni."

"Ya maji au ya unga?"

"Ni ukungu."

Kalamu ilinitoka mkononi. Msomaji aelewe kwamba ghorofa yetu ya nne yote ni ya Idara ya Kufuta Ukungu, yenye watumishi sitini na mmoja, na kwamba ukutani, juu ya kichwa changu, palikuwa na bango kubwa lililoandikwa TAIFA BILA UKUNGU LINAWEZEKANA.

"Mama," nikamnong'oneza, "hilo neno hapa tunalisema polepole."

"Basi andika kuvu," akasema. "Ni kile kile."

Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa wali, na ule wali ulikuwa umeota manyoya meupe, laini, kama paka mdogo amelala. Nilirudisha kiti nyuma. Mama akacheka, akaketi bila kukaribishwa, akanieleza.

Alikuwa mhudumu wa maabara katika chuo cha kilimo kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa. Lakini chupa huoshwa maabara, na maabara ndiko masomo yanakofanyika, kwa hiyo Bi. Zamaradi alisikiliza somo la kuvu la mwaka wa kwanza mara ishirini na mbili, wakati wanafunzi wenyewe walilisikiliza mara moja, tena wakisinzia. Alipostaafu alirudi kulima nyanya na kabichi bondeni pamoja na mumewe, Mzee Chambuso.

Mzee Chambuso alikuwa amebeba pampu ya sumu mgongoni kwa miaka thelathini, akipulizia mashamba yake na ya watu, bila kitambaa puani wala viatu miguuni. Sasa mikono ilimtetemeka kiasi kwamba chai alimiminiwa nusu kikombe. Daktari alimwambia kwamba dawa hizo asizikaribie tena, hata harufu yake.

"Na bila dawa kantangaze anamaliza shamba," alisema Bi. Zamaradi. Kantangaze ni funza mdogo anayechimba majani ya nyanya na kutoboa matunda. Wakulima walimpa jina hilo kwa kuwa akiingia shambani kwako, bonde zima linajua. "Basi masika moja nikaona funza wamekufa chini ya majani, kila mmoja amefunikwa unga mweupe. Hakuna aliyepulizia kitu. Nikawaokota."

Alipika wali nusu kiva, akautia mifukoni, akaupitisha kwenye mvuke, akapandikiza ule unga mweupe, akaweka mahali penye ubaridi. Baada ya wiki mbili wali ulikuwa umeota. Akauosha kwa maji, akayachuja, akapulizia nyanya zake jioni jua likiwa limepoa. Siku ya sita funza wakaanza kuota manyoya. Mwaka uliofuata alipata na ukungu wa pili, wa kijani, kutoka kwenye udongo wa tuta pekee ambalo miche yake haikulala. Huo aliuchanganya na mboji ya kitaluni, na kinyausi kikapungua mpaka akasahau sura yake.

"Mzee wangu ameupulizia kwa mikono yake mwenyewe," alisema, "na hajakohoa hata mara moja. Majirani wanautaka. Lakini sitaki kuwapa kwa kificho. Nataka upate karatasi."

Nilipenda aliposema karatasi. Ni watu wachache siku hizi wanaoamini karatasi. Niligonga muhuri kwa nguvu zangu zote.

*

Mkurugenzi wa Usajili, Dakta Tegemea, alinipa heshima ya kubaki ofisini mwake siku ya mahojiano ili nishike faili. Ni mtu msomi sana. Mezani kwake ana vibao vitatu vya jina lake, kimoja kikimtazama yeye mwenyewe.

"Mama," alisema, akipekua Fomu Namba Tisa, "kipengele cha nne hujajaza. Jina la sumu."

"Haina sumu, mwanangu."

"Daktari."

"Haina sumu, daktari."

"Kipengele cha tano. Panya wangapi hufa baada ya kulishwa?"

"Hakuna. Panya walikula mfuko mzima stoo, wakanenepa."

Dakta Tegemea alivua miwani. Alionekana kuumia. "Mama, mimi nina wajibu kwa taifa. Kila dawa iliyosajiliwa hapa ina fuvu la kichwa na mifupa miwili kwenye kibandiko. Mwananchi akiliona fuvu anajua serikali yake imefanya kazi. Wewe unaniletea kitu kisichoua hata panya. Nitachora nini? Panya mnene?"

"Kinaua mdudu. Si hicho ndicho mkulima anachotaka?"

"Dawa isiyoweza kumuua mkulima haiwezi kuwa na nguvu ya kumuua mdudu. Hiyo ni sayansi."

Hata hivyo hakumfukuza. Alimwita mwanasheria wa wizara, ambaye alisoma sheria kwa robo saa, akagundua kwamba kwa kuwa dawa hiyo ni kiumbe hai, haiwezi kuombewa kama bidhaa. Iombewe kama kiumbe. Na kiumbe anayetaka kukaa na kufanya kazi nchini lazima alete barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha mbili ndogo, na cheti cha tabia njema kutoka polisi.

Nilidhani Bi. Zamaradi atakata tamaa. Alirudi baada ya wiki tatu, midomo imekauka kwa vumbi la safari, na vyote anavyo. Mwenyekiti aliandika kwamba ukungu huo anaufahamu, unaishi kwa amani na majirani. Picha zilikuwa za rangi, zimepigwa studio, mbele ya pazia la bluu. Polisi walimkalisha siku tatu kwa sababu mashine ya alama za vidole ilikataa kusoma wali, lakini mwisho walimpa cheti. Nakumbuka maneno yake: *Ukungu Mweupe, mkazi wa Bonde la Mzinga, hana kumbukumbu ya uhalifu.*

"Umeona?" nilimwambia kwa furaha. "Serikali ni sikivu."

"Nyanya huiva kwa miezi mitatu, mwanangu," alijibu. "Mimi nina wa tano huu kwenye benchi lako."

*

Mwezi wa sita Kamati ya Majaribio iliteremka Bonde la Mzinga. Wajumbe walikuwa kumi na wanne, nami nikiwa wa kumi na tano kwa ajili ya kubeba kitabu cha mahudhurio. Tulifika saa sita mchana. Jua la bonde lile likisimama utosini, hata mjusi anatafuta kivuli.

Bi. Zamaradi alitupokea na maji ya kunywa. Mzee Chambuso alisimama mlangoni kwa shida, akatupungia mkono uliokuwa unatetemeka kabla hata hajaanza kupunga.

"Karibuni mpumzike," alisema mama. "Tutapulizia saa kumi na moja. Huu ni kiumbe, jua kali linaukausha kabla haujamshika mdudu."

"Kamati inafunga kazi saa tisa," alisema mwenyekiti wa kamati.

"Basi kesho asubuhi na mapema."

"Asubuhi na mapema kamati inakunywa chai."

Dawa ikapuliziwa saa sita na nusu. Kisha wajumbe wakakaa chini ya turubai, mmoja ameshika saa, na wote wakawatazama kantangaze kwa dakika ishirini. Kantangaze waliendelea kula. Mmoja alipanda kwenye mkono wa shati la mwenyekiti.

"Hawajafa," alisema mwenyekiti.

"Baba, hawawezi kufa saa hii. Kuvu inamshika mdudu, inaota, inaingia ndani ya mwili. Siku tano, sita. Rudini Jumapili mtaona."

"Mama, adui wa taifa hapewi siku sita."

Hapo Bi. Zamaradi aliinama akakata jani, akalinusa, akalisugua kwa kidole. Kidole kikawa na rangi ya samawati. Aligeuka polepole.

"Nani amepulizia hapa?"

Kijana wa Idara ya Kufuta Ukungu alinyoosha mkono kwa fahari. Yeye na wenzake walikuwa wamefika jana yake kuandaa eneo, wenye nyumba wakiwa zahanati. Kwa kuwa kamati nzima ingekanyaga shamba ambalo mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba lina ukungu, walilipulizia dawa ya kuua ukungu, mara mbili, kwa usalama wa viongozi.

Mama alikaa kwenye tuta, akaweka mikono magotini. "Mmeua kwanza," alisema, "halafu mmekuja kutazama kama kinafanya kazi."

"Jaribio lazima lifanyike katika mazingira safi," alisema mwenyekiti.

Nyuma ya nyumba palikuwa na matuta manane ambayo Idara haikuyaona. Hayo aliyapulizia mwenyewe wiki iliyotangulia, jioni, kama inavyotakiwa. Sijawahi kuona nyanya kama zile. Majani mazima bila kovu, matunda yamebana kama ngumi, na chini ya majani funza wamekauka, wameota unga mweupe. Alitupeleka mwenyewe, akatuonyesha mmoja mmoja. Wajumbe walivutiwa sana. Kila mmoja alichukua mfuko mmoja wa nyanya kama sampuli, na mwenyekiti alichukua miwili kwa sababu ya cheo.

Taarifa ya kamati ilikuwa na kurasa arobaini. Niliisoma yote. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba dawa imeshindwa kabisa, na kwamba sampuli zilizochukuliwa zililiwa, hakukuwa na malalamiko.

*

Hapa ndipo Bi. Zamaradi alipofanya kosa lake. Alikata rufaa, na wakati rufaa ikisubiriwa majirani walimjia mlangoni. Mmoja alikuwa na kitalu kizima kimelala, na msimu ukipita watoto wangerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Mama akampa mfuko mmoja. Kisha mwingine. Kufikia mwezi wa nane kaya arobaini zilikuwa zinapika wali zisioula.

Idara ilipopata habari ilianzisha Operesheni Zoa Wali. Magari sita yaliingia bondeni saa nne asubuhi. Askari walifungua masufuria. Nyumba yenye wali mweupe usioota iliachwa kwa onyo, nyumba yenye wali ulioota ililazimika kuukabidhi, na bibi mmoja ambaye alikuwa ameacha tu kiporo cha juzi alishikiliwa mpaka jioni kama mzalishaji mdogo.

Mifuko mia moja na kumi ililetwa wizarani. Dakta Tegemea aliagiza ichunguzwe. Ikaonekana kwamba hadubini ya wizara imefungiwa kabatini, na ufunguo anao ofisa aliyekwenda masomoni ng'ambo. Kwa hiyo iliamuliwa mfuko mmoja upelekwe nje ya nchi kwa uchunguzi wa kina, na iliyobaki ichomwe. Kifurushi nilikifunga mimi. Nilikikaza kamba vizuri, nikaandika TAHADHARI, KIUMBE HAI, kwa herufi kubwa.

Wiki mbili baadaye Bi. Zamaradi alikuwa kwenye benchi langu tena. Kantangaze walikuwa wamerudi bonde zima. Alikuja kuomba arudishiwe mfuko mmoja tu, hata ulioanza kuoza. Nilimweleza utaratibu. Alisikiliza, kisha akaniuliza kama nimekula, akanipa ndizi mbili kutoka kwenye kikapu chake, kwa sababu ndivyo alivyo, naye akamenya yake.

Simu ya mapokezi ililia. Aliyepiga alikuwa jirani yake, amepata namba yetu sijui wapi. Nilimpa mama mkonga wa simu.

Alisikiliza muda mrefu. "Pampu ya nani?" akauliza. Kisha, "Mko wapi sasa?" Kisha akanirudishia mkonga kwa uangalifu, kama chupa ya maabara.

Mzee Chambuso alikuwa amesubiri mkewe aondoke. Alisimama akatazama nyanya zikiliwa, akavumilia mpaka akashindwa, akaazima pampu ya jirani na chupa ya dawa yenye fuvu, akaingia shambani na ile mikono yake. Pampu ilikuwa inavuja. Walimkuta kati ya tuta la tatu na la nne, mate yakimtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta.

"Ameona aniokolee shamba," alisema Bi. Zamaradi. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mimi nipo hapa nakula ndizi."

*

Mzee hakufa. Hospitali ilimlaza wiki nne. Alitoka na ulimi mzito, na mguu wa kushoto haukumfuata tena.

Bi. Zamaradi alikuja kuwasilisha malalamiko. Nilimtafutia fomu inayohusika, nikaijaza mwenyewe ili kumpunguzia taabu, nikaipandisha. Jibu lilirudi baada ya siku moja tu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika utumishi wangu. Lilisema kwamba wizara imefuatilia suala hilo kwa masikitiko, na inafurahi kuthibitisha kuwa sumu iliyomdhuru mwananchi huyo ilikuwa imesajiliwa kikamilifu. Kwa hiyo mgonjwa amedhurika kwa mujibu wa sheria. Endapo angedhurika kwa kitu kisichosajiliwa, wizara ingechukua hatua kali.

Nilimsomea. Mama aliomba nirudie sentensi ya pili. Nikairudia.

"Asante," alisema, akaondoka. Sikumwona tena benchini. Nilijikuta asubuhi natazama mlango. Nilidhani ni mafua.

*

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, wizara ilifanya sherehe kubwa kuliko zote. Kiwanjani palikuwa na zulia, brasi bendi, na kontena la chuma lenye utepe. Mheshimiwa Waziri alisimama mbele ya vipaza sauti saba.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kwa muda mrefu tumeuchukia ukungu bila kuujua. Leo serikali yenu sikivu imeujua! Na haikuujua hivi hivi, imeuleta kwa ndege! Huu si ukungu wa vibarazani, si ukungu wa mkate. Huu ni ukungu uliosoma! Unamfuata mdudu, unamkamata, unamshughulikia, na hauna sumu hata kidogo. Nani alijua jambo kama hili linawezekana? Hakuna aliyejua!"

Tulipiga makofi. Nami nilipiga.

Dawa yenyewe iliitwa Mkombozi Dhahabu, ya kampuni moja ya ng'ambo, imo kwenye pakiti za kung'aa. Ilisajiliwa kwa nusu siku. Fuvu la kichwa halikuhitajika, kwani kanuni ilibadilishwa asubuhi ile ile. Niligawa pakiti kwa wageni, na nilipokuwa nangoja chai nikageuza moja kusoma nyuma. Chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, paliandikwa: *Asili ya kuvu: Bonde la Mzinga.*

Nilisoma mara tatu. Nikaenda kwa Dakta Tegemea, aliyekuwa ameshika sambusa.

"Daktari, hii ni ule wali wa Bi. Zamaradi."

"Ule ulikuwa ukungu, Sanyiwa. Hii ni teknolojia."

"Na kontena limekaa juani miezi miwili, daktari. Mama alisema ni kiumbe hai, hakipendi joto. Humo ndani utakuwa umekufa wote."

Alinitazama kwa huruma. "Ukungu uliosajiliwa haudhuriki na joto."

Pakiti ziligawiwa nchi nzima. Wakulima walipulizia, wakangoja siku sita, wakangoja kumi na mbili. Kantangaze walinenepa. Wizara ikatoa tamko kwamba tatizo ni wakulima kukosa uzalendo, na ili kulinda hadhi ya Mkombozi Dhahabu ikapiga marufuku mtu yeyote kuotesha, kuhifadhi au kuiga kuvu hiyo, ambayo sasa ni mali ya kampuni. Barua ya kwanza iliandikwa kwa jina la Bi. Zamaradi. Niliagizwa niipeleke kwa mkono, na nitoe taarifa ya maandishi endapo nitaona dalili yoyote ya uzalishaji.

*

Nilifika kwake saa nane mchana. Mzee Chambuso alikuwa ameketi kwenye jamvi barazani, mguu mmoja ameunyoosha kama kitu cha mtu mwingine. Alinisalimu, neno "karibu" lilimchukua muda, nami nilisimama mpaka alipolimaliza.

Bi. Zamaradi aliisoma barua akiwa amesimama. Alikuwa amepungua.

"Wanasema nisiige," alisema. "Nimemwiga nani?"

"Kampuni, mama."

"Na kampuni iliupata wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Miaka kumi na saba mapokezi imenifundisha kulisema neno hilo vizuri sana. "Kifurushi nilikifunga mimi," nikasema. "Kamba niliikaza mimi. Nilidhani wanakwenda kuupima."

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Nasaini wapi?"

Nikamwonyesha. Akatia sahihi kwa mwandiko wa shule ya zamani, akanipa nakala yangu. Kisha akaingia ndani, akatoka na ungo na mfuko wa mchele, kilo kumi hivi. Akaketi kwenye jamvi, akamimina, akaanza kuchambua mawe. Ulikuwa mchele mwingi mno kwa watu wawili ambao mmoja wao anakunywa uji.

"Mama," nikasema, "mimi ni ofisa wa serikali."

"Najua. Kaa, jua kali."

"Nimeagizwa niandike ninachokiona."

"Andika." Hakuinua macho. Vidole vyake vilikwenda haraka, jiwe, jiwe, pumba, jiwe. "Wa kwenye pakiti umekufa. Wa kwenye udongo wangu haujafa, maana hao hawakujua kuuchimba; masika haya nimeokota tena funza wenye unga mweupe. Kesho kuna watu saba wanakuja kuchukua. Andika na majina, nitakutajia."

Nilisimama pale na faili kwapani. Upande wa pili wa njia niliona shamba la jirani, nyanya zake zimetobolewa tundu kwa tundu, na pampu ya mgongoni imeegemezwa mlangoni, ikisubiri jioni.

Nilivua koti. Nikalitundika kwenye msumari wa mlango, nikaketi upande wa pili wa ungo, nikaanza kuchambua. Sikuwa hodari. Mzee Chambuso alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akanionyesha kidogo kidogo, kwa ule ulimi mzito, jiwe nililoliruka.

Taarifa yangu ilikuwa fupi, na Dakta Tegemea aliipokea bila swali. Niliandika: *Barua imefika. Nilimkuta mhusika akichambua mchele. Mchele ulikuwa mzuri, hauna mawe.*